Mwenyeji Afike Mwenyewe

Dirisha la wategemezi lilikuwa la mwisho upande wa kushoto, karibu na mlango wa stoo. Kioo chake kilikuwa na tundu moja chini la kupitishia pasipoti na jingine juu la kupitishia maneno. Tundu la juu lilitobolewa na mtu mrefu asiyewaza wengine. Kwa hiyo aliyetaka kusikika alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, na aliyetaka kusikia aliinama mpaka usawa wa meza, na ndivyo mambo ya dirisha lile yalivyoendeshwa tangu ofisi ya uhamiaji ihamie jengo hilo.

Jumatatu hiyo Bi Harusi alisimama kwa ncha za vidole, akasema kwamba mume wake amefariki.

"Najua, Mama," afisa akajibu kutoka chini. "Si nilikuja mazishini? Pole tena."

"Asante, mwanangu."

"Sasa, kibali chako kinaisha Ijumaa. Mwenyeji wako afike mwenyewe, aweke kidole, tumalize. Kama miaka yote."

"Mwenyeji wangu ndiye huyo marehemu."

"Ndiyo, Mama. Basi afike."

Bi Harusi akashusha visigino, akapumzisha miguu kidogo, akapanda tena. Akauliza kama mama mkwe wake hawezi kuwa mwenyeji, kwa kuwa wanaishi nyumba moja na mama huyo ni mzaliwa wa hapahapa. Afisa akasema mama mkwe si mume. Akauliza kama angeweza kujidhamini mwenyewe. Afisa akacheka kwa upole, maana alidhani ni utani. Akamwambia arudi Ijumaa, kwa sababu mashine ya alama za vidole ilikuwa kwa fundi mpaka siku hiyo, na akamkumbusha kwamba dirisha la wategemezi hufungwa saa sita mchana.

Afisa huyu hakuwa na roho mbaya hata chembe. Kwenye mazishi alisimama safu ya pili, akalia mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Miwani yenyewe alitengenezewa na Bi Harusi. Karibu ofisi nzima ilikuwa imevaa kazi ya mikono ya Bi Harusi, kuanzia mkuu wao hadi askari wa getini, ambaye zamani alikuwa akiwapigia saluti watu wasio na cheo na kuwazuia wenye nacho. Kwenye karatasi, duka la miwani lilikuwa la mumewe na yeye alikuwa akimsaidia. Mumewe, Mungu amrehemu, hakujua kutofautisha kioo cha kusomea na kioo cha mbali, na kazi yake dukani ilikuwa kuwapa wateja viti na kuwachekesha.

Jina alilopewa kwao lilikuwa refu, herufi zimebanana humo kila moja ikitaka kutamkwa kwanza. Siku mumewe alipomleta mtaani watu walitoka milangoni kumtazama bi harusi, na jina likamganda. Wanawake wengi waliolewa mtaani baada yake, wakageuka mama fulani, kisha bibi fulani. Yeye hakujaaliwa mtoto wa kumbadilisha jina. Nywele ziliingia mvi, goti moja likaanza kumgombeza kwenye ngazi, na bado alikuwa Bi Harusi. Watu walimwita hivyo kwa mapenzi na yeye aliitika kwa mapenzi. Uhamiaji nako hakuwahi kukua. Kila mwaka waliuliza amekusudia kukaa kwa muda gani, na alipolijibu swali hilo mara ya kwanza, afisa wa leo alikuwa hajaota meno ya mbele.

Alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe amekaa kitandani anakunja nguo. Macho ya mama yalikuwa yamezimika taratibu, kwa ugonjwa usiosikia miwani. Bi Harusi alikuwa amemjaribishia kila kioo alichokuwa nacho, akaagiza na vya mbali, mpaka mama mwenyewe akasema inatosha, nitatumia kiwiko chako. Tangu hapo alikuwa akitembea ameshika kiwiko hicho, na nguo alizikunja kwa kuzipapasa mishono. Hakuna shati lililowahi kuwekwa kwenye rundo lisilo lake.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wanasema afike mwenyewe."

Mama mkwe akanyoosha mkono wa blauzi, akaukunja.

"Basi mwambie. Kuja atakuja, mtoto yule hajawahi kumkatalia mtu. Kasheshe ni kuja mapema."

Hilo lilijulikana mtaa mzima. Marehemu alikuwa mtu wa kuchelewa. Mama yake alisema alianza tumboni, akawasubirisha wakunga mpaka mmoja akaenda likizo. Kwenye harusi yake alifika wageni wakiwa wameshapiga picha bila yeye. Hata makaburini alichelewa, kwani gari lililombeba lilipata pancha, na watu wote walikaa chini ya jua wakitazama barabara na kuambiana kwamba huyu ni yeye kweli. Kwa sababu hiyo familia ilikuwa na utaratibu wake. Jambo likiwa la saa kumi, yeye aliambiwa saa nane. Alidanganywa hivyo maisha yake yote, na watu wote waliompenda walikuwa kwenye njama hiyo, na hakugundua.

"Mwambie saa mbili," mama mkwe akasema. "Ukimwambia saa mbili atafika saa nne. Hapo tutakuwa salama."

"Nitamwambia saa mbili, Mama."

"Na avae sweta. Kule chini nasikia kuna baridi."

Kesho yake Bi Harusi alifunga duka mapema, akapanda mpaka makaburini. Alikuwa akienda kila wiki kumpa habari za mtaa, nani amehama, nani amegombana na nani, mteja gani ameketi juu ya miwani yake mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, akavua kiatu cha mguu wenye goti bovu, akamweleza mumewe habari ya kibali bila kupunguza neno. Alimweleza kwamba akikosa mhuri Ijumaa, atatakiwa aondoke. Kule alikozaliwa wazazi walishakufa na nyumba ilishauzwa. Lugha ya kule alikuwa akiiongea kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta swichi gizani, na ndoto zote alikuwa akiota kwa lugha ya huku. Mama angebaki peke yake na nguo zake za kupapasa. Hapo Bi Harusi alilia kidogo, kwa sababu alikuwa akiogopa kwelikweli.

Kisha akafika kwenye saa. Aliliandaa neno "mbili" mdomoni. Akatazama kaburi, akaona mtu amelala pale bila saa ya mkononi, bila dirisha, bila mtu wa kumuuliza, na huruma ikamwingia. Aliona ni aibu kumdanganya mtu aliye katika hali ile.

"Saa nne," akasema. "Saa nne asubuhi, mume wangu. Dirisha linafungwa saa sita."

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilijua kabla hajamaliza kuvaa kiatu.

Ijumaa ofisi ilijaa. Wageni waliketi kwenye safu ya viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma. Utaratibu wa pale ulikuwa wa kusogea: aliye mbele akiitwa, wote walinyanyuka nusu, wakahamia kiti kinachofuata, wakakaa, na kila mtu akapokea joto la aliyemtangulia. Waliozoea walisogea bila kuacha kusoma gazeti. Bi Harusi alikuwa amesogea kwenye viti vile miaka mingi kiasi kwamba alivijua kimoja kimoja, kipi kinafinya, kipi kina ufa wa kunasa nguo.

Jirani yake alikuwa fundi wa lifti, mgeni mwenzake, bwana mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo, aliyemuoa nesi wa hapahapa. Nesi mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yake, ametoka zamu, amesinzia. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi. Mtu pekee mjini aliyejua kuitengeneza alikuwa ni huyu fundi, naye hakuruhusiwa kuigusa mpaka kibali chake kitoke hapohapo ghorofa ya nne, ambako alipanda kwa miguu kila mwezi kukiulizia.

"Mwenyeji wako yuko wapi?" fundi akanong'ona.

"Anakuja. Ni marehemu."

"Aa. Wa kwangu amelala tu," fundi akasema, akamtazama mkewe kwa huruma.

Saa nne ikaja, ikapita. Bi Harusi alifika kiti cha kwanza, akaitwa, na mumewe hakuwa ameonekana. Aliomba aliye nyuma yake atangulie. Jambo hilo lilileta tabu, kwa sababu viti vile vilijua kusogea mbele tu. Ilibidi watu wanne wanyanyuke, wapishane kwa matumbo, na nesi aamshwe. Baada ya kama nusu saa aliitwa tena, watu wakanyanyuka tena. Mara ya tatu hakuna aliyelalamika. Walinyanyuka wenyewe kabla hajasema, wakampisha, na fundi wa lifti akamwachia kiti kisichofinya.

Saa tano ikaingia. Bi Harusi alikuwa akitazama mlango wa ngazi. Aliwaza ni nguo gani atachukua na zipi ataacha. Aliwaza mama akipapasa ukuta kutafuta mlango wa bafu. Alijilaumu kwa ile huruma iliyomwingia kaburini, akajiapia kwamba akimwona tena mwanamume yule atamdanganya saa mpaka mwisho wa dunia. Ndani ya kioo afisa alikuwa ameshatoa kibao chenye maandishi "Limefungwa", akakilaza mezani kifudifudi, kwa heshima.

Dakika za mwisho, hatua zikasikika ngazini. Zilikuja taratibu, zikapumzika ghorofa ya tatu, zikaendelea. Marehemu akaingia.

Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile aliyozikwa nayo, na udongo mwekundu ulikuwa umemkaa begani. Miwani ilikuwa usoni, maana Bi Harusi alikataa katakata azikwe bila kuona, lakini vioo vilikuwa vimekwaruzwa na mchanga. Sweta hakuvaa. Alisimama mlangoni akiangaza huku na huku, na tabasamu lake lilikuwa lilelile la mtu anayejua amekosa na anajua atasamehewa.

"Samahani, mke wangu. Njiani kulikuwa na foleni."

Bi Harusi hakuuliza foleni ya wapi. Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo ukapandwa na hasira, kama ilivyokuwa karibu kila siku ya ndoa yao, na kama kila siku furaha ilikuwa na nguvu zaidi. Alimpangusa udongo begani. Alimvua miwani, akatoa kitambaa mkobani, akaifuta pande zote mbili, akamvika.

"Ningejua ningekwambia saa mbili," akasema.

"Kwa nini saa mbili?"

"Basi tu. Twende."

Watu wote walinyanyuka nusu kuwapisha.

Afisa alikirudisha kibao chini ya meza. "Shikamoo, Mzee. Pole na safari."

"Marahaba, kijana. Umeninyima hata mapumziko?"

"Ni utaratibu tu, Mzee. Kitambulisho?"

"Kilichukuliwa siku walipoandikisha kifo."

"Na ofisi gani?"

"Ghorofa ya pili. Nyinyi wenyewe."

Afisa akakubali kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Akasema watatumia kidole. Akasukuma mashine ndogo kupitia tundu la chini, ikiwa imerudi kutoka kwa fundi asubuhi hiyo ikinukia spiriti. Marehemu akaweka kidole. Mashine ikafikiri, ikawaka taa nyekundu. Akaweka tena, ikawaka nyekundu.

"Kidole ni cha baridi," afisa akasema. "Wauza barafu nao hutusumbua hivihivi."

Bi Harusi akauchukua mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi kweli, na mzito kuliko alivyoukumbuka, ila kovu la utotoni kwenye kiganja lilikuwa palepale. Akakifunika kidole kwa viganja vyake viwili, akakisugua, akakipulizia pumzi kama anavyopulizia kioo kabla ya kukifuta. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna mtu foleni nzima aliyetazama saa. Kidole kilipopata uvuguvugu, mashine ikawaka kijani.

"Haya," afisa akasema. "Maswali machache, ya kawaida. Mzee, huyu ni mkeo?"

"Ndiye."

"Mnaishi nyumba moja?"

Kila mwaka marehemu alijibu swali hilo kabla halijaisha. Safari hii aliliacha liishe. Alipokuwa hai alikuwa na uongo mdogomdogo wa kupendeza, wa foleni na wa tairi. Lakini mtu akishalala kule, maswali mazito hayajibu ila kwa ukweli.

"Hapana," akasema. "Pale siishi tena."

Kalamu ya afisa ikasimama. Bi Harusi akashika ukingo wa dirisha. Wote waliokaa kwenye viti vile walijua maana ya jibu hilo. Wanandoa wasioishi pamoja ni ndoa ya karatasi, na ndoa ya karatasi haina kibali, na asiye na kibali anafungasha. Fundi wa lifti akamshika mkewe mkono, na mkewe akaamka.

"Mmeachana?" afisa akauliza, kwa sauti ya chini sana.

"Kuachana?" Marehemu alisimama kwa ncha za vidole, akaweka mdomo kwenye tundu la juu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Bi Harusi alimsikia akimfokea mtu. "Nani ameachana? Mimi nimuache huyu? Nimekufa tu, bwana! Sijamwacha!"

Afisa akavua miwani yake, akaifuta kwa tai, akaivaa tena ikiwa imepinda vilevile. Alitafuta kwenye kompyuta mahali pa kuandika jambo kama hilo, hakupapata. Mwishowe akaandika kwenye nafasi ya maelezo mengineyo, huku akijisomea kwa sauti: "Mume hayupo nyumbani kwa sababu zisizo za ugomvi."

"Iko sawa hivyo, Mzee?"

"Iko sawa."

"Mama, umekusudia kukaa kwa muda gani?"

Bi Harusi akasema muda wote. Afisa akasema muda wote haumo kwenye orodha. Bi Harusi akasema basi muda mrefu zaidi uliomo. Afisa akaandika.

Kisha akaleta pasipoti karibu na uso, karibu zaidi, pua ikataka kugusa karatasi, akitafuta kisanduku cha kupigia mhuri. Bi Harusi hakuweza kuvumilia.

"Mwanangu, hiyo fremu umeilalia tena. Hebu ilete hapa."

Afisa akavua miwani, akaipitisha tundu la chini bila ubishi. Bi Harusi akatoa koleo lake dogo mkobani, akanyoosha mkono wa miwani, akaweka sawa vile vidude vya puani, akaipima hewani kwa jicho moja, akairudisha. Akamwambia macho yake yameshuka, aje dukani Jumatatu ampime upya. Afisa akaivaa, akapepesa, akaona vizuri. Akakiona kisanduku. Akapiga mhuri katikati kabisa, ukatua umenyooka, kila herufi inasomeka: MTEGEMEZI. MWAKA MMOJA.

"Mwaka mmoja tu?" marehemu akauliza.

"Ndiyo ulio mrefu zaidi, Mzee. Mwakani nawe ufike tena. Mwenyewe."

"Na mwaka unaofuata?"

"Na unaofuata."

Marehemu akamtazama mkewe, akamtazama afisa. Alionekana amechoka, mtu aliyeahidiwa kupumzika. Lakini mama yake alimjua vizuri, hakuwahi kumkatalia mtu.

"Nitakuja," akasema.

Bi Harusi alikuwa na swali moja lililobaki. Aliona aulize sasa wakati mwenyeji yupo. Pale makaburini, kando ya mumewe, walishaweka nafasi ya mtu mmoja, na alitaka kujua kama siku yake ikifika kutakuwa na tatizo lolote. Afisa akafungua droo, akatazama kitu, akafunga droo. Alijibu bila kumtazama usoni.

"Mgeni kuzikwa hapa ni kibali kingine, Mama. Ni lile dirisha la kulia. Taratibu ni hizihizi. Mwenyeji afike mwenyewe."

"Siku hiyo," marehemu akasema, "sitachelewa."

Hakuna aliyecheka. Afisa akakisimamisha kibao cha "Limefungwa" kwenye kioo, halafu akakilaza tena, akamuita fundi wa lifti. Huyo akaambiwa kila kitu kipo sawa isipokuwa picha, arudi mwezi ujao.

Mume na mke walishuka ngazi pamoja, goti bovu na miguu mizito, wakipumzika kila ghorofa. Njiani Bi Harusi alimpa habari zilizobaki. Marehemu aliuliza nani sasa anawachekesha wateja dukani. Bi Harusi akasema hakuna, wanakaa kimya wakitazama ukuta wa herufi za kupimia macho. Marehemu akasikitika kwa ajili yao. Pale getini askari alimpigia saluti, na safari hii alikuwa amempigia mtu sahihi.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema uvae sweta."

"Mwambie nimevaa."

"Twende ukamwambie mwenyewe. Chai ipo."

Marehemu akatazama upande wa nyumbani, kule duka lilipo, na kona, na mlango wao. Alitazama kwa muda, miwani ikiwa safi.

"Nikifika pale sitaondoka," akasema. "Na huyu kijana juu ameshaandika sipo."

Alimshika mkewe shavu kwa kile kidole chenye uvuguvugu, akageuka, akaanza kupanda barabara ya makaburini kwa mwendo wake wa polepole, akisimama kumsalimu kila mtu. Bi Harusi alisimama getini akimwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Alimpenda sana mwanamume yule. Kwa mwendo ule, aliwaza, atafika kaburini usiku.

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, uso ameuelekeza mlangoni.

"Alichelewa?"

"Alichelewa."

"Akasema foleni?"

"Foleni."

Mama akacheka mpaka akajishika mbavu, akafuta machozi kwa upindo wa nguo, akacheka tena. Bi Harusi naye akacheka, akakaa chini miguuni pake, na wakaacha machozi yale yamalizike yenyewe bila kuyaulizana ni ya nini. Kisha mama akanyoosha mkono, akaomba pasipoti. Bi Harusi akamfungulia ukurasa, naye akapitisha dole gumba juu ya mhuri, polepole, kama anavyotafuta mshono wa shati.

"Wameandika nini hapa?"

"Mtegemezi. Mwaka mmoja."

"Nani ndiye mtegemezi?"

"Mimi."

"Unamtegemea nani?"

"Mwanao."

Mama mkwe alikaa na pasipoti ile mapajani, akaifunga, akaipapasa kingo, akashindwa kujua iende rundo gani. Akamrudishia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nipe kiwiko nikaoge, maji yasije yakapoa."

Bi Harusi akainuka, akampa kiwiko. Mama akakishika kwa mikono miwili, akamwegemea kwa uzito wake wote, na wakaanza kwenda, hatua moja moja, kwenye ujia wa bafuni.

"Kizingiti, Mama," akasema Bi Harusi, kama kila jioni.